Mzigo wa Nyangwe na Hesabu ya Mfupa



Mwishoni mwa Machi 1871 aliingia Nyangwe, hapa kwetu Maniema, Mskoti mmoja aliyekonda kwa maradhi, na mkono wake wa kushoto ulikuwa na kiungo ambacho hakuzaliwa nacho. David Livingstone alikaa hapa ukingoni mwa Lualaba hadi Julai, akitafuta mitumbwi asiipate. Tarehe 15 Julai alishuhudia watu wa wafanyabiashara wakiwapiga risasi wanawake waliokuja sokoni, na wengine wengi wakizama mtoni kwa kukimbia. Mauaji yale yanastahili mhadhara wake yenyewe. Leo naomba tuutazame mkono.

Mwaka 1844, huko Mabotsa katika nchi ambayo sasa ni Afrika Kusini, simba alimrukia Livingstone akautafuna mfupa wa mkono wake wa juu. Yeye mwenyewe ndiye aliyekuwa daktari, na hakuwapo daktari mwingine wa kumtibu. Majeraha yalikauka lakini mfupa haukuunga. Vipande viwili vilibaki vikicheza, na pale katikati, palipotakiwa kujengeka mfupa, pakajaa tishu laini. Aliishi na mkono huo miaka 29. Alipofariki kijijini kwa chifu Chitambo mwaka 1873, watumishi wake Susi na Chuma pamoja na wenzao waliukausha mwili wake wakaubeba hadi Bagamoyo, safari iliyomalizika Februari 1874. Ulipofika Uingereza mwezi Aprili, uso haukutambulika tena. Mpasuaji William Fergusson aliukagua mkono wa kushoto, akakikuta kile kiungo cha uongo, akathibitisha kwamba huyu ni Livingstone. Tarehe 18 Aprili alizikwa Westminster Abbey.

Naanza na mkono huu kwa sababu mfupa ule uliokataa kuunga uliitii kanuni ileile inayoufanya mfupa wa mbebaji uwe mnene na mfupa wa mgonjwa wa kitandani uwe mwembamba. Kanuni hiyo inaandikika kwa hesabu. Hoja yangu jioni hii ni moja: milinganyo tuliyo nayo ni mizuri, lakini nambari zilizotiwa ndani yake zilipatikana kwa wanyama wa maabara na kwa watu ambao maisha yao hayafanani na yetu. Njia ya kutoka Nyangwe kwenda Kabambare hadi Ziwa Tanganyika, ambako binadamu wamebeba mizigo vizazi na vizazi, ni mahali ambapo hesabu hizi zingepata mtihani wa kweli.

Tuanze na kipimo. Chukua muundi wa mtu mzima wenye urefu wa milimita 360. Mtu akikanyaga kwa nguvu, mfupa huo hufupika kidogo sana, kisha hurudi. Ukifupika kwa milimita 0.36, umepungua sehemu moja katika elfu, yaani sehemu 1,000 katika milioni. Badiliko hilo la urefu, likigawanywa kwa urefu wa mwanzo, nitaliita mnyumbuko, na sehemu moja katika milioni nitaiita maikrostreini kama wafanyavyo wataalamu. Mfupa wa mtu anayekimbia au kuruka hufika maikrostreini 2,000, pengine 3,000. Ni badiliko dogo ambalo jicho haliwezi kuliona, lakini seli zilizomo ndani ya mfupa zinalisikia.

Sasa turudi kwenye mkono wa Livingstone. Katika miaka ya 1970 Mswisi Stephan Perren alieleza kwa nini mvunjiko mwingine huunga na mwingine hubaki wazi, na maelezo yake yanahitaji kugawanya tu. Chukua msogeo wa vipande, ugawanye kwa upana wa pengo lililo kati yake, unapata mnyumbuko wa ile tishu inayojaribu kuota pale. Tishu laini ya mwanzo hustahimili kunyooshwa hadi takriban asilimia 100. Gegedu huishia kwenye asilimia 10 hivi. Mfupa huvunjika ukipita asilimia 2 hivi.

Tuseme pengo ni milimita 1 na vipande vinasogea nusu milimita kila mgonjwa anapojitikisa. Nusu kwa moja ni asilimia 50. Gegedu haiwezi kuota hapo, sembuse mfupa. Mwili hufanya jambo ambalo kwa haraka laonekana kama ujinga: unakula ncha za mfupa wenyewe, pengo linapanuka hadi, tuseme, milimita 5. Msogeo uleule wa nusu milimita sasa ni asilimia 10, na gegedu inapata nafasi. Kisha fundo la tishu linazunguka mvunjiko kwa nje. Ugumu wa nguzo ya duara dhidi ya kupinda huenda kwa kipenyo chake kikipandishwa kipeo cha nne, kwa hiyo tishu ileile ikiongezwa kipenyo mara mbili, ugumu huongezeka mara 16. Msogeo unashuka, tuseme hadi milimita 0.1. Sifuri nukta moja kwa tano ni asilimia 2. Hapo mfupa unaweza kuvuka.

Kwa Livingstone mlolongo huu ulikatika njiani. Msogeo haukushuka vya kutosha, na majeraha ya meno ya mnyama huleta usaha unaozidi kuchelewesha mambo. Nawaomba wauguzi waliomo humu, na vilevile mafundi wa jadi wa kuunga mifupa, walione jambo hili kwa jicho la hesabu. Anayefunga banzi anaishughulikia nambari ya juu ya mgawanyo ule. Banzi likilegea, msogeo ni mkubwa na mfupa hauvuki. Likikazwa mno, damu haipiti na kiungo chote kinaweza kufa, na hilo ni baya kuliko kiungo cha uongo. Kati ya hayo mawili ipo nafasi, na msogeo mdogo ndani ya nafasi hiyo husaidia, maana mvunjiko usiosogea hata chembe hautoi lile fundo la nje. Pale Muhimbili, Dar es Salaam, Taasisi ya Mifupa hutumia msumari wa SIGN unaopitishwa ndani ya mfupa wa paja au muundi na kukazwa kwa skurubu, nao ulibuniwa ili mpasuaji aweze kuutia bila mashine ya eksirei ya kumwonyesha njia wakati wa upasuaji. Pikipiki zimetuletea mivunjiko mingi ya paja, kwa hiyo chombo cha namna hiyo kina maana kubwa kwa hospitali zisizo na vifaa.

Huo ni mfupa uliovunjika. Mfupa mzima je?

Mwaka 1866, mjini Zürich, Georg Hermann von Meyer, mtaalamu wa anatomia, alionyesha michoro ya vijiti vidogo vinavyoonekana ukipasua kichwa cha mfupa wa paja. Mhandisi Karl Culmann aliiona akashangaa, kwa kuwa mistari ile ilifanana na mistari ya mkazo ambayo yeye huichora akibuni kreni. Mwaka 1892 Julius Wolff wa Berlin akachapa kitabu kizima juu ya kanuni ya mfupa kujibadili, na tangu hapo watu wameiita kanuni ya Wolff. Mimi naona sifa hiyo imezidi kipimo. Wolff alisisitiza kwamba kuna kanuni ya kihesabu, lakini hakuandika mlinganyo hata mmoja unaosema mfupa utabadilika kiasi gani na kwa muda gani. Wilhelm Roux, aliyeandika mwaka 1881, alikaribia ukweli zaidi aliposema kwamba sehemu za mwili hujirekebisha zenyewe zikichochewa na kazi zinayofanya. Kreni haijirekebishi. Mfupa hujirekebisha kila siku, na kwa hiyo tunahitaji mlinganyo wenye wakati ndani yake.

Harold Frost, Mmarekani, ndiye aliyetia nambari. Mwaka 1987 alipendekeza kwamba mfupa una vizingiti. Mnyumbuko ukibaki chini ya maikrostreini 50 hadi 100 hivi, mfupa huliwa. Ukipita kizingiti cha pili, kilicho kati ya 1,000 na 1,500, mfupa huongezwa. Ukizidi 3,000 mara kwa mara, ufa mdogo mdogo hujikusanya kuliko unavyozibwa. Kwenye 25,000 mfupa huvunjika kwa pigo moja. Katikati, kati ya kizingiti cha chini na cha pili, mfupa hutulia. Ushahidi wa ncha zote mbili upo. Wanaanga wasio na uzito angani hupoteza asilimia 1 hadi 1.5 ya mfupa wa nyonga kwa mwezi. Wachezaji wa tenisi wa kulipwa waliopimwa mwaka 1977 walikuwa na ukuta wa mfupa wa mkono wa juu mnene kwa asilimia 35 hivi upande wa raketi kuliko upande mwingine kwa wanaume, na asilimia 28 kwa wanawake. Mtu mmoja, damu moja, chakula kimoja, mikono miwili yenye kazi tofauti. Sijui ushahidi ulio safi kuliko huo.

Sasa mlinganyo wenyewe. Ule uliotumiwa na Rik Huiskes wa Uholanzi na wenzake mwaka 1987 unaandikwa hivi:

dρ/dt = B (S − S₀)

Herufi ρ ni wingi wa mfupa ndani ya mchemraba mdogo, S ni kichocheo cha mzigo unaoufikia mchemraba huo, S₀ ni kichocheo ambacho mfupa umekizoea, na B ni kasi ya kujibu. Kichocheo kikizidi mazoea, wingi unapanda. Kikipungua, unashuka. Huiskes alikubali pia kwamba kuzunguka S₀ kuna eneo ambamo mfupa haujali, kama alivyodai Frost. Swali lililompeleka huko lilikuwa la hospitali: chuma cha nyonga bandia kinapoubeba mzigo uliokuwa wa mfupa, mfupa ulio kando yake hukondeana. Mlinganyo ulitabiri hivyo, na picha za eksirei zilikuwa zimekwisha kuonyesha hivyo.

Kichocheo S tukipimeje? Tukikichukua kuwa nishati inayohifadhiwa na mfupa kwa kila gramu, na tukikumbuka kwamba ugumu wa mfupa wa ndani huenda takriban kwa kipeo cha tatu cha wingi wake, kama walivyoonyesha Carter na Hayes mwaka 1977, basi kwa mkazo σ usiobadilika, yaani kani kwa kila eneo, tunapata S sawia na σ² kugawanya kwa ρ⁴. Mfupa ukitulia, S imelingana na S₀, na kutoka hapo wingi wa mfupa ni sawia na kipeuo cha pili cha mkazo, yaani mzizi wake. Wanafunzi, iandikeni mistari hiyo mitatu wenyewe. Haichukui dakika kumi. Matokeo yake ni kwamba mkazo ukiongezeka mara nne, wingi unaongezeka mara mbili tu. Mzigo unaoongeza mkazo kwa asilimia 55 hudai mfupa wa ziada wa asilimia 24. Mfupa hauongezeki sambamba na mzigo, na ndiyo maana mbebaji hahitaji mifupa mizito kama ya tembo.

Nambari 55 sikuiokota hewani. Fikiria mama mwenye kilo 55 anayetoka shambani na kilo 30 za mihogo. Miguu yake sasa inabeba 85. Dennis Carter na wenzake walipendekeza tujumlishe mizigo ya siku nzima, lakini kila mzigo kwanza upandishwe kipeo, na kipeo cha 4 hutumika mara nyingi. Themanini na tano kwa hamsini na tano ni 1.545, na ukiipandisha kipeo cha nne unapata 5.7. Kwa hesabu hiyo, hatua moja yenye mzigo inahesabika kwenye mfupa kama hatua karibu sita za mkono mtupu. Kilomita 5 za kutoka shambani ni sawa na zaidi ya kilomita 28 za matembezi. Ni hesabu ya karatasi, lakini inatuonyesha kwamba anayepima kazi ya mama huyu kwa umbali peke yake ameacha nje sehemu kubwa ya kazi hiyo.

Hapa wataalamu hawakubaliani, na kutokubaliana kwao kunatugusa sisi. Lance Lanyon na Clinton Rubin, katika majaribio waliyochapisha mwaka 1984, waliupa mfupa wa bawa la ndege mzigo kwa mashine. Mapigo 36 tu kwa siku yalitosha kuongeza mfupa, na mamia na zaidi hayakuleta nyongeza kubwa juu ya hapo. Mzigo uliowekwa ukatulia bila kubadilika haukusaidia kitu. Mfupa uliendelea kupungua kana kwamba haukubebeshwa. Baadaye Alexander Robling, David Burr na Charles Turner walichukua mapigo 360 ya siku kwa panya, wakayagawa katika vipindi vinne vya 90, na mfupa ulijengeka zaidi kuliko kwa 360 ya mfululizo. Seli husikia mapigo ya kwanza, kisha husinzia, na huhitaji saa kadhaa ili ziamke tena. Ukiamini kujumlisha kwa Carter, mbebaji wa siku nzima anajenga mfupa hatua kwa hatua mpaka machweo. Ukiamini ndege na panya, mfupa wake ulikwisha kusikia vya kutosha kabla hajapita nyumba za mwisho za kijiji, na hatua zote zilizobaki zinamwongezea uchovu bila kumwongezea mfupa.

Mimi naelemea upande wa pili, kwa sehemu. Lakini naona maabara zilipima mapigo machache, makali, ya wiki chache, kwa wanyama. Hakuna bawa la ndege wala mguu wa panya unaofanana na maisha ya mtu aliyeanza kubeba akiwa na miaka saba, akaendelea kila siku hadi uzeeni. Linganisheni kazi mbili za mama yuleyule. Anapotembea na mzigo, kani hupanda na kushuka taratibu, maelfu ya mara, kwa saa nyingi. Anapotwanga sombe au mpunga kinuni, mchi unapoinuliwa mikono inavutwa, unapotua pigo linapanda ghafla kupitia viganja hadi mabegani, mara nyingi kwa muda mfupi, kisha anapumzika, na jioni huenda akarudia. Mlinganyo wa Turner, unaojali kasi ya badiliko na mapumziko kuliko ukubwa wa mzigo peke yake, unatabiri kwamba kinu kinajenga mfupa wa mkono vizuri kuliko njia inavyojenga mfupa wa mguu kwa kila saa ya kazi. Huo ni utabiri unaopimika, na kinu kipo karibu kila nyumba.

Kuna utafiti mmoja wa Afrika Mashariki ambao kila mtu anayezungumzia mizigo huutaja, nao mara nyingi huelezwa vibaya. Mwaka 1986 Geoffrey Maloiy wa Nairobi na wenzake walichapisha katika jarida la Nature vipimo vya wanawake wa Kijaluo, wanaobeba utosini, na wa Kikikuyu, wanaobeba mgongoni kwa ukanda uliopita kichwani. Waligundua kwamba mzigo wa hadi asilimia 20 ya uzito wa mwili haukuongeza nishati waliyotumia kutembea. Mwaka 1995 Norman Heglund na wenzake wakaeleza kwamba wanawake hao, wakiwa na mzigo, huhamisha nishati kati ya kuinuka na kusonga mbele kwa ustadi zaidi. Kuna wanaosoma hayo wakahitimisha kwamba mzigo hauwadhuru. Haifuati. Ardhi, kwa wastani wa hatua nzima, lazima iusukume mguu kwa kani iliyo sawa na uzito wa mwili pamoja na mzigo. Hakuna ustadi wa mwendo unaoweza kuipunguza hiyo. Pumzi imeokolewa, chakula kimeokolewa, lakini mfupa umebeba kilo zote.

Na hapo tunafika kwa wapagazi.

Pembe za ndovu zilizotoka Nyangwe na Kasongo enzi za mfanyabiashara Tippu Tip zilibebwa na watu hadi Ujiji, Tabora na pwani. Mzigo wa kawaida wa mpagazi ulikuwa kama frasila mbili, yaani karibu kilo 32. Wengi waliobeba hawakuwa na hiari. Wanyamwezi walijulikana kwa kazi hii hata ukazuka msemo wa mzigo mzito mpe Mnyamwezi, kana kwamba wao waliumbwa kwa mfupa wa namna nyingine. Nadharia ya kujibadili inatufundisha kuusoma upya. Wasafiri wa karne ya 19 waliandika kwamba vijana wa Kinyamwezi walianza kubeba wangali wadogo, na mfupa hujibu mzigo kwa nguvu zaidi miaka ya kukua kuliko baadaye. Mnyamwezi mwenye nguvu alitengenezwa njiani. Aliyetekwa kijijini Maniema akiwa mtu mzima, ambaye hajawahi kubeba hivyo, akafungwa kamba na kutwishwa pembe siku hiyohiyo, alikuwa na S₀ ya maisha yake ya jana na S ya msafara.

Kinachofuata nacho kina hesabu yake. Mfupa unaozidiwa hupata ufa mdogo sana. Seli za kula mfupa, osteoklasti, huchimba sehemu iliyoharibika kwa muda wa wiki tatu hivi. Kisha osteoblasti huijaza upya kwa muda wa miezi mitatu au zaidi. Kati ya kuchimba na kujaza, mfupa una matundu mengi kuliko mwanzo, kwa hiyo ni dhaifu zaidi. Mzigo ukiendelea bila mapumziko, mfupa dhaifu hunyumbuka zaidi, ufa unaongezeka, uchimbaji mpya unaanza kabla wa kwanza haujajazwa. Ukiandika mlinganyo wenye ucheleweshaji huo, utaona kwamba kuna kiwango cha mzigo ambacho chini yake mfupa unajirudia na juu yake unaelekea kuvunjika bila kurudi. Daktari wa jeshi la Prussia, Breithaupt, aliieleza miguu ya askari iliyovimba kwa maumivu baada ya mwendo mrefu tangu mwaka 1855, na baadaye eksirei ilithibitisha kwamba ni mivunjiko ya uchovu. Askari wale walipata hospitali. Mpagazi aliyeanza kuchechemea kati ya Kabambare na ziwa alikuwa na wiki tatu za kuchimbwa na miezi mitatu ya kusubiri, ndani ya msafara usiosubiri. Nasema kwa uchungu kwamba mfupa wa Livingstone ulisomwa London na kupewa jina, na mifupa ya waliokufa kando ya njia hii haikusomwa na mtu.

Turudi kwenye mlinganyo, kwa maana una kasoro ambayo wanafunzi wa hisabati wataifurahia. Niliposema mfupa hutulia, nilishika mkazo usiobadilika kwa mchemraba mmoja. Sasa weka michemraba miwili sambamba chini ya mzigo mmoja. Yote miwili hufupika kiasi kilekile, kwa hiyo kinachoshikwa sasa ni mnyumbuko, na kichocheo kinakuwa sawia na ρ². Mchemraba ulio mzito kidogo unapata kichocheo kikubwa zaidi, unaongezeka, unachukua mzigo mkubwa zaidi, unaongezeka tena. Jirani yake ananyang'anywa mpaka anaisha, kama wauza samaki wawili sokoni ambapo mwenye wateja wengi ndiye anayeongezewa wateja. Harrie Weinans, Huiskes na Grootenboer walionyesha mwaka 1992 kwamba kwenye kompyuta mlinganyo huu huishia kuchora ubao wa miraba, mmoja umejaa na mwingine mtupu. Kama picha ya mfupa, ni upuuzi. Lakini ndani ya upuuzi huo mna chembe ya ukweli: mfupa wa ndani kweli umejengwa kwa vijiti na nafasi tupu. Mwaka 2000 Huiskes na wenzake, wakiziweka seli zinazosikia mzigo kwenye nafasi zake na kuziacha zipeleke ishara kwa majirani kwa umbali fulani, walipata vijiti vinavyofuata mwelekeo wa mzigo na kugeuka mzigo unapogeuka. Seli hizo, osteosaiti, zimezikwa ndani ya mfupa na kuunganishwa kwa mifereji myembamba. Mfupa ukinyumbuka, majimaji ya mifereji husogea, na inaelekea msogeo huo ndio zinaousikia.

Mlinganyo wa mzigo peke yake haujui chakula, wala uzazi. Mama anayenyonyesha hupoteza asilimia 3 hadi 5 ya mfupa wake katika baadhi ya sehemu za mwili, na kwa kawaida huurudisha baada ya kumwachisha mtoto. Kwa mlinganyo, ni S₀ inayopanda na kushuka na homoni. Na kuna kitendawili kutoka Gambia: Aspray, Ann Prentice na wenzao walichapisha mwaka 1996 kwamba wanawake wazee wa vijijini huko walikuwa na madini machache mfupani kuliko wanawake wa Uingereza, lakini mivunjiko ya uzeeni ilikuwa adimu kwao. Nadhani sehemu ya jibu ni kwamba mashine hupima kiasi, wakati maisha ya kazi hupanga vijiti na umbo la mfupa mahali panapohitajika. Kwa hiyo siipokei hukumu inayotolewa juu ya mwanamke wa Kasongo kwa jedwali la mwanamke wa Ulaya, mpaka mtu apime umbo pia.

Kazi ya kuanzia haihitaji maabara ya Zürich. Siku ya soko, mizani iwekwe njiapanda, kila anayekubali apimwe uzito wake na wa mzigo wake, aulizwe ametoka wapi na alianza kubeba akiwa na umri gani. Simu ya mkononi ikifungwa kiunoni ina kihisi cha mtikisiko. Huhesabu hatua na kuonyesha jinsi kila pigo linavyopanda. Wapimwe pia wanaume wanaosukuma kinga, yaani baiskeli, zilizosheheni mawese na mpunga kwenda Kindu, maana mikono yao husukuma saa nyingi kwa mzigo usiobadilika sana, hali ileile ambayo majaribio ya mabawa yalisema haijengi mfupa. Hospitali yenye eksirei ipime upana wa ukuta wa mfupa wa mkono kwa wagonjwa wanaopigwa picha kwa sababu nyingine, kwa ridhaa yao, kulia na kushoto. Mwanafunzi wa hisabati atie nambari hizo kwenye jedwali la kompyuta, safu moja kwa jumla ya Carter, safu moja kwa kanuni ya Turner, aone ni ipi inayoukaribia mfupa wa mtu aliyesimama mbele yake. Kama zote mbili zitakosea, atakuwa na mlinganyo wa tatu wa kuandika, na S₀ yake itakuwa imepimwa Maniema.